Heshima ya Asiyeweza Kujibu

Msomaji kijana, mtu akiitwa akaitika, twajua kuwa yupo. Akiitwa asiitike, je, tuna haki ya kusema kuwa hayupo? Swali hili laonekana jepesi, lakini limewashughulisha matabibu wakubwa, na huenda siku moja likakufika hata wewe, ukiwa umeketi kando ya kitanda cha mgonjwa.

Mwezi wa Julai 2005, mwanamke wa miaka 23 huko Uingereza aliumia vibaya ubongo katika ajali ya barabarani. Hakufa, lakini hakurudia hali yake ya zamani. Alilala na kuamka, macho yake yakafumbuka na kufumba. Bali alipoambiwa afanye jambo hakulifanya, wala hakutoa ishara yoyote kuwa amesikia. Matabibu walimpima kwa kanuni zao, wakaamua kuwa yu macho, lakini fahamu hana.

Mtaalamu wa ubongo aitwaye Adrian Owen, aliyekuwa akifanya kazi Cambridge, alitaka kuhakikisha. Yeye na wenziwe walimlaza mgonjwa yule ndani ya mtambo wa sumaku uonyeshao ni sehemu ipi ya ubongo inayofanya kazi. Wakamwambia awaze kuwa anacheza tenisi. Sehemu inayohusika na mwendo wa viungo ikaamka. Wakamwambia awaze kuwa anatembea nyumbani kwake, chumba baada ya chumba. Sehemu nyingine zikaamka. Picha zake hazikutofautiana na za watu wenye afya waliopewa kazi ile ile. Habari hii ilichapishwa katika jarida la Science mwaka 2006. Mwili ulikuwa bubu, kumbe mwenyewe alikuwa akisikia, akielewa na kutii.

Wako waliopinga. Walisema kuwa pengine neno "tenisi" peke yake laweza kuushtua ubongo, kama kelele imshtuavyo aliyelala. Owen alijibu kuwa mshtuko hupita upesi, na mgonjwa yule aliendelea kuwaza kwa nusu dakika nzima, mpaka alipoambiwa apumzike. Mwaka 2010 yeye na wenziwe walichapisha matokeo ya wagonjwa 54. Watano waliweza kuwaza walivyoagizwa, na mmoja wao alijibu hata maswali mepesi, kama jina la baba yake: akiwaza tenisi ni "ndiyo", akiwaza nyumba ni "siyo". Mwaka 2024 wataalamu wa nchi kadhaa walitoa habari za wagonjwa 241 wasioonyesha kwa mwili kuwa wamesikia amri. 60 kati yao waliitika kwa ubongo.

Hapana budi kusema kweli yote: wengi hawakuitika kwa njia yoyote, na si haki kuwapa jamaa zao tumaini la uongo. Lakini mtambo ni shahidi wa yule anayejibu tu; si shahidi dhidi ya anayenyamaza. Pengine alikuwa amelala saa ile, au nguvu za kuwaza zilimwishia. Kwa hiyo, tutamtendeaje mtu ambaye hatuna hakika naye?

Pima hasara mbili. Ukimheshimu asiyesikia, umepoteza maneno machache. Ukimdharau anayesikia, umemdhulumu mtu aliye hai, asiyeweza hata kulia. Mwenye akili hashindwi kuchagua kati ya hasara hizi.

Tena, heshima si ujira alipwao mtu kwa kujibu vizuri. Mtoto mchanga hajibu, nasi humbembeleza. Maiti hasikii kitu, nasi humwosha kwa upole na kumfunika kwa staha. Itakuwaje basi aliye hai, anayevuta pumzi mbele yetu, akose kile tusichomnyima maiti?

Kwa hiyo, ukienda kumtazama mgonjwa wa namna hii, mwamkie kwa jina lake na umwambie u nani. Mpe habari za nyumbani. Usijadili gharama zake wala mazishi yake juu ya kitanda chake, kana kwamba ni gogo. Wahenga walisema kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Nasi hatujui ni katika kimya kipi mtu amelala akitusikiliza, akingoja tumwite kama mtu.