MAKABURI YA WALIOUAWA NA WAJIBU WA MWISLAMU

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu wa Muheto, mcheni Mwenyezi Mungu.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, huko Komanda, Ituri, wauaji wa ADF walivamia kanisa watu wakiwa katika mkesha wa sala. MONUSCO ilitaja waliouawa usiku ule kuwa wasiopungua 43. Wauaji hao wanajiita askari wa Uislamu. Kwa hiyo panapowekwa kumbukumbu kwenye makaburi ya watu kama hao, Mwislamu hujiuliza: Je, sharia inaruhusu? Na mimi nikienda, nitatazamwa kwa jicho gani?

Kwanza, sharia. Mtume (s.a.w.) alikataza kujenga juu ya kaburi na kulipaka chokaa. Lakini kwenye kaburi la Uthman bin Madhuun aliweka jiwe upande wa kichwa, lipate kujulikana. Mashahidi 70 wa Uhud walizikwa wawili na zaidi katika kaburi moja, naye alikuwa akiwazuru. Basi tuache kuba na mapambo. Ua wa kuzuia ng'ombe wasikanyage, jiwe la alama, na majina langoni, hayo yanatosha.

Pili, wengi waliolala pale ni Wakristo. Jeneza la Myahudi lilipita mbele ya Mtume (s.a.w.), naye akasimama. Alipoambiwa ni Myahudi, aliwauliza kama huyo naye si nafsi. Na Suratul Maida, aya ya 32, inatufundisha kwamba kuua nafsi moja pasipo haki ni kama kuua watu wote.

Tatu, risasi zimetufika na sisi. Tarehe 1 Mei 2021, katika Ramadhani, Sheikh Ali Amini alipigwa risasi akiwa katika swala ndani ya msikiti mkuu wa Beni. Alikuwa akiwakemea hadharani wanaoua kwa jina la dini. Mwezi huohuo imamu mwingine aliuawa Mavivi.

Ndugu zangu, hapa Masisi pia tuna makaburi ya waliouawa katika vita. Wengine walizikwa kandokando ya njia watu wakikimbia, hawana hata jiwe. Siku ya kusafisha makaburi, chukua jembe uende, bila kuuliza kabila wala dini ya aliyelala. Waulize wazee majina, yaandikwe kabla hayajasahauliwa. Kaa na jirani kwenye matanga. Na kijana wako akiitwa msituni kwa jina la jihadi, mlete kwa imamu mapema.

Ewe Mola, warehemu maiti wetu Waislamu, wafariji wafiwa wote, zuia mikono ya wauaji, turudishie amani katika Kivu yetu. Amin.