Kweli Iliyochongwa Mgongoni mwa Saa

Je, mtu aweza kusema kweli na papo hapo akawa amedanganya? Swali hili ni la kale, nami nilidhani nimekwisha kulijibu, mpaka siku nilipoingia baharini na saa mkononi. Mgongoni mwake palichongwa kuwa yazuia maji hata mita 30. Sikuzama hata mita mbili. Jioni kioo kilitanda ukungu, na kesho yake akrabu zilisimama.

Nilimwendea fundi saa nimejaa hasira. "Wamenidanganya, mzee wangu," nilimwambia. Alifungua kifuniko taratibu, akanionyesha pete nyembamba ya mpira iliyokauka na kupasuka. "Hawakukudanganya, mwalimu," alijibu. "Maneno haya ni ya siku saa ilipotoka kiwandani, wewe umeyasoma leo." Jibu hilo liliufunga ulimi wangu, lakini halikuituliza nafsi yangu.

Yafaa kwanza tujue kinacholindwa. Saa ya kutiwa ufunguo huendeshwa na kamani, yaani utepe wa chuma uliokunjwa, ambao hujikunjua kidogo kidogo na kuyasukuma magurudumu ya meno. Gurudumu dogo liendalo na kurudi huipimia nguvu hiyo, katika saa nyingi za sasa mara 8 kwa nukta. Saa ya kwatzi, ambayo kampuni ya Seiko ya Japani iliitoa kwa mara ya kwanza kuvaliwa mkononi mwezi Desemba 1969, hutumia betri na kipande cha fuwele kitetemekacho, leo kwa kawaida mara 32,768 kwa nukta. Ya kwanza huogopa kutu. Ya pili huogopa kutu na kuharibika kwa njia za umeme. Myendo ni miwili, adui ni mmoja, na milango yake ni ile ile: kioo, kifuniko cha nyuma na kifundo cha kurekebishia akrabu. Kila mlango hulindwa na pete au gundi, na vyote huzeeka.

Basi mita 30 maana yake nini? Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo ulio karibu sawa na ule wa hewa ituelemeayo hapa duniani. Mita 30 ni lugha ya mgandamizo huo mara tatu, uliojaribiwa saa ikiwa mpya. Kanuni ya kimataifa ya saa za kawaida, ISO 22810 ya mwaka 2010, huruhusu chache zijaribiwe kwa niaba ya nyingi. Ile ya saa za wapiga mbizi, ISO 6425, hutaka kila moja ijaribiwe, tena kwa mgandamizo upitao ulioandikwa kwa robo. Watengenezaji wengi huonya katika kijitabu kuwa saa ya mita 30 si ya kuogelea. Mita, kumbe, si mita za muogeleaji.

Sifa ya saa na maji ina kisa chake. Tarehe 7 Oktoba 1927 Mercedes Gleitze, Mwingereza, aliogelea akauvuka mlango wa bahari ulio kati ya Ufaransa na Uingereza. Siku chache baadaye mwanamke mwingine alidai kuvuka, kisha akakiri kuwa ni uongo, na shaka ikamwangukia Gleitze pia. Tarehe 21 alirudi majini kulitetea neno lake, safari hii akiwa na saa ya Rolex. Baridi ilimshinda baada ya muda uliozidi saa 10, akatolewa kabla ya kufika. Saa ilikuwa ikienda. Mwezi uliofuata kampuni ilitangaza sifa ya saa katika ukurasa wa kwanza wa gazeti la Daily Mail. Masimulizi mengi ya baadaye yameziunganisha siku hizo mbili, hata msomaji akadhani saa ilivuka pamoja na aliyevuka. Saa haikushindwa, na mwanamke hakusema uongo. Walakini msomaji huondoka na jambo lisilotukia.

Hukumu yangu ni hii. Uongo haukai katika maneno peke yake. Hukaa pia katika kumwacha msikilizaji ndani ya kosa ulilojua kuwa ataliingia. Yamkini nitaambiwa kuwa mnunuzi asome kijitabu. Ni haki. Lakini ahadi imechongwa katika chuma, na onyo limepigwa chapa katika karatasi itupwayo. Ajuaye zaidi ana deni kubwa zaidi.

Hata hivyo sikuachiliwa huru. Saa ile nilikuwa nayo miaka mingi bila kuibadilisha pete hata mara moja. Nahodha hasafiri kwa kutegemea kalafati ya mwaka juzi. Mimi nilitegemea, kisha nikalaumu.

Fundi alipokwisha kutia pete mpya nilimwuliza kama sasa naweza kuogelea. "Sisemi mpaka niipime," alinijibu. "Na nikipima, nitakuandikia tarehe." Nimesoma vitabu vingi juu ya ukweli, sikumbuki kilichonifunza hilo la tarehe.