Ushahidi wa Uongo Hauanzi Kortini



Twapenda kuandika juu ya jambo tuliloulizwa hapa Chale baada ya darsa ya Isha, nalo ni jambo ambalo watu wengi hulichukulia jepesi.

Bwana mmoja wa makamo alibaki msikitini wenziwe walipokwisha kutoka, akaniambia: "Sheikh, nimeitwa na wapelelezi wa rushwa niandikishe maneno juu ya fedha za mradi wa maji. Anayetajwa ni mjomba wangu, nami siku ile nalikuwapo. Je, nikisema sikuwapo, nitakuwa nimetoa ushahidi wa uongo, hali sikushika msahafu wala sikusimama mbele ya hakimu?"

Wengi wetu twadhani kama alivyodhani bwana huyu, ya kwamba ushahidi wa uongo huanza pale karani wa korti anapomkabidhi mtu msahafu, na kwamba yasemwayo kabla ya hapo ni maneno ya ofisini tu, mtu huyasema akaenda zake. Dhana hii ni batili. Aya ya 283 ya Sura ya Al-Baqara yakataza kuuficha ushahidi, na yamtia dhambi moyoni mwenye kuuficha. Haikutaja hapo korti wala kiapo. Nayo aya ya 135 ya Sura ya An-Nisaa yatuamrisha tusimame na haki, tushuhudie kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, ijapokuwa ushahidi huo ni juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu wa karibu, awe mtu huyo ni tajiri au ni maskini. Mjomba amekwisha ingia humo. Twajua sana kwamba kwetu Wadigo mjomba ana haki kubwa, na haki yake yapasa itimizwe: azuriwe, asaidiwe, atafutiwe wakili. Lakini kusemewa uongo si katika haki zake.

Na katika hadithi ya Abu Bakra waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliyataja madhambi makubwa kupita yote. Alianza na kumshirikisha Mungu, kisha kuwaasi wazazi, naye ameegemea. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo aliinuka akaketi sawasawa, akalikariri neno hilo hata masahaba wakatamani lau angenyamaza kwa kumwonea huruma. Basi jambo lililomwinua Mtume kutoka mahali alipoegemea, sisi twalisema tumeegemea kiti cha ofisi, huku tukinywa chai ya mpelelezi!

Na hapa nina neno la pembeni, wasinichukie watu wa mji. Nimewaona watu walioapa kwa msahafu bila ya kutetemeka kidole, walakini walipoambiwa waende wakale kiapo cha kaya, maneno yao yakabadilika siku ile ile. Mtu wa namna hii na ajiulize anamwogopa nani.

Watu husema kwamba mambo ya siasa hayafanani na mambo mengine. La, hayo ndiyo yaliyo mazito zaidi, kwani mwenye kuibiwa ni umma mzima. Mwaka 1990 ilianzishwa hapa Kenya kampuni iitwayo Goldenberg International, ikadai kwamba yapeleka dhahabu na almasi nchi za nje, nayo Serikali ikailipa fidia ya shilingi 35 katika kila shilingi 100 za mali iliyodaiwa kuuzwa. Kenya si nchi ya almasi, na dhahabu yake ni haba. Basi uongo ule haukungoja kufika kortini. Ulikaa katika karatasi zilizoandikwa na kutiwa saini na kupokewa na watu wenye vyeo, na kila saini ilikuwa ni shahada. Hazina ikapoteza mabilioni.

Aliyesema kweli alikuwa karani mdogo wa Benki Kuu, jina lake David Munyakei. Aliziona hesabu zile hazisimami, akazitoa karatasi hata zikawafikia Wabunge. Mwaka 1993 akakamatwa, akashitakiwa kwa kutoa siri za Serikali; kesi ile haikuendelea, lakini kazi yake hakuipata tena. Akaja hapa pwani, Mombasa, akasilimu na akaoa. Tume ya Jaji Samuel Bosire ilipoundwa mwaka 2003, akaenda akayasema yale yale aliyoyasema miaka kumi nyuma, hali ana sababu zote za kunyamaza. Alifariki mwaka 2006, maskini. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Tazameni pia kesi za Kenya zilizopelekwa The Hague. Hizo hazikuwa za fedha. Zilikuwa za damu iliyomwagika baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo walikufa watu zaidi ya 1,100. Mwezi wa Machi 2013 Mwendesha Mashitaka, Fatou Bensouda, aliyaondoa mashitaka ya Francis Muthaura. Shahidi mkubwa alikuwa ameyakana maneno yake na kukiri kwamba alipokea hongo. Desemba ya mwaka huo, katika kesi ya Uhuru Kenyatta, shahidi mwingine akakiri kwamba alisema uongo katika jambo la msingi, na mwaka uliofuata kesi hiyo nayo ikaondolewa. Mwezi wa Aprili 2016 mahakimu wakaikomesha kesi ya William Ruto na Joshua Sang, pasina kuwahukumu kuwa wana hatia wala kuwaachilia kwa hukumu ya kuwasafisha.

Sisi hatusemi nani alikuwa na hatia, hatukuwapo. Tusemalo ni kwamba shahidi akisema neno leo na kulikana kesho, moja katika kauli zake mbili ni uongo. Kama ya kwanza ndiyo uongo, amemdhulumu mshitakiwa. Kama ya pili ndiyo uongo, amewadhulumu waliokufa na mayatima wao. Na kwa vyovyote haki haikujulikana iko wapi.

Fiqhi yetu ya Kishafii haikuliacha jambo hili. Imamu Nawawi katika Minhaj ameeleza mashahidi wanaorudi katika ushahidi wao: wakirudi kabla ya hukumu, haihukumiwi kwa ushahidi ule, wakirudi baada ya hukumu ya mali, hulipa wao hasara. Maana yake ni kwamba toba ya ulimi peke yake haitoshi. Na sheria ya nchi ya mwaka 2003 juu ya rushwa yamtia hatiani mwenye kumdanganya mpelelezi kusudi, hata kama hakuapa: faini hadi shilingi 500,000, au kifungo hadi miaka 5, au vyote viwili.

Bwana yule akasema, "Sheikh, naogopa." Sikumlaumu. Aya ya 282 ya Al-Baqara yakataza kumdhuru mwandishi na shahidi, na Serikali isiyomlinda shahidi wake ina dhambi yake mbali. Walakini hofu haikumhalalishia uongo. Akiogopa, na aiseme hofu yake kwa wapelelezi, aombe hifadhi.

Nami sikuweza kumwacha aende akidhani kwamba namhubiria kutoka mahali pa salama. Miaka kadhaa nyuma nalikuwa katika kamati ya skuli moja. Niliandika saini ya kwamba yameletwa madawati 60, na yaliyoletwa yalikuwa 20. Walipokuja kuuliza, nilijibu: "Sikumbuki." Nalikumbuka. Watoto walikaa sakafuni mwaka mzima, na sikumbuki yangu ikamwokoa mtu niliyekuwa nikila naye.

Tumeagana twende pamoja Jumatatu baada ya Alfajiri, tupande gari la Ukunda. Yeye ana la mjomba wake, mimi nina la madawati 40.

Wassalaamu alaykum.