Uaminifu wa Mtumishi Kazini

Fungu la Maandiko: 1 Wakorintho 4:2. Lisomwe pamoja na Wakolosai 3:22 hata 4:1.

Chukueni kwanza Biblia zenu mkalisome fungu hili, ndipo mwendelee na maneno yangu. Maana maneno ya mchungaji pasipo Neno la Mungu ni mzinga usio na nyuki.

Mtume Paulo asema hapa habari za mawakili. Wakili ni nani? Ni mtu aliyekabidhiwa mali isiyo yake. Ufunguo anao yeye, lakini ghala si lake. Bwana wake aweza kuwa mbali, asione wala asisikie. Basi juu ya mtu huyu Mtume auliza neno moja tu. Haulizi kama ana elimu nyingi, wala kama ana nguvu, wala kama ulimi wake ni mtamu. Ataka ajulikane kuwa ni mwaminifu. Elimu ni njema, na nguvu ni njema. Lakini wakili mwerevu asiye mwaminifu ni mwizi aliyepewa ufunguo.

Neno hili latuhusu sana sisi wa Inyonga. Wazee wetu walikuwa warina asali na wakulima, kila mtu na mizinga yake na shamba lake. Leo hapa ni makao ya Wilaya ya Mlele, katika Mkoa wa Katavi ulioanzishwa mwaka 2012, na katika usharika mmoja wamo karani, mwalimu, mwuguzi, mlinzi wa usiku, muuza duka, mpimaji wa tumbaku katika chama cha ushirika, na kijana aendeshaye pikipiki ya mtu mwingine. Hawa wote ni mawakili. Kila mmoja ameshika kitu kisicho chake.

Nataka kuwakumbusha habari ya watumishi wa zamani ambao safari yao ilipita katika nchi zetu hizi za magharibi. Mwaka 1872 Daktari David Livingstone, Mwingereza wa kabila la Waskoti, alipita Ukonongo akitoka Unyanyembe kwenda kusini. Wachukuzi wake walikuwa Waafrika. Wakuu wao walikuwa Susi, mtu wa Shupanga katika mto wa Zambezi, na Chuma, aliyeokolewa utumwani mwaka 1861 alipokuwa kijana. Alikuwako na Jacob Wainwright, naye aliyekuwa mtumwa zamani, aliyesomeshwa katika shule ya misheni huko Nasik, Bara Hindi. Walikuwako na wanawake, kama Halima aliyepika chakula.

Mwanzo wa mwezi wa Mei 1873 bwana wao akafa katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo leo Zambia. Tazameni basi hali yao. Bwana amekufa. Hapana mtu wa kuwaamuru, wala wa kuwatisha, wala wa kuwaongezea mshahara. Pwani ni mbali, zaidi ya maili 1,000. Tena katika nchi nyingi za njiani watu waliogopa maiti kupita, na mwenye kuichukua aliweza kutozwa mali au kupigwa. Wangaliweza kumzika, kugawana vitu vyake, na kutawanyika. Nani angaliwauliza?

Hawakufanya hivyo. Kwanza walifungua masanduku yake mbele ya watu wote, ili wote wawe mashahidi, naye Jacob akaandika orodha ya vitu vilivyomo. Kisha wakauzika moyo wake chini ya mti, Jacob akasoma maneno ya maziko. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani siku kumi na nne. Wakaambua gome la mti likiwa zima, kama warina asali wetu waambuavyo gome la mizinga, wakautia mwili ndani yake, wakaufunga kwa turubai. Ndipo wakaanza safari.

Njiani wengi waliugua, na baadhi yao wakafa. Wakapita mashariki ya Ziwa Tanganyika, wakafika Unyanyembe mwezi wa Oktoba. Huko wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza, aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone. Yeye akawashauri wamzike pale pale, kwa sababu njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Mzungu mwenye cheo amewaruhusu kuutua mzigo! Lakini wakakataa, wakaendelea. Mbele tena, huko Kasekera, watu wakawazuilia. Basi wakatengeneza mzigo wa miti kama maiti, wakaurudisha nyuma mbele ya macho ya watu, na mwili wenyewe wakaufunga kama robota la nguo. Sitasimama hapa kuipima hila ile. Nataka mwone tu kwamba hawakuutua mzigo. Mwezi wa Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Miezi tisa! Na pamoja na mwili walizileta daftari za marehemu, na kwa daftari hizo watu wamejua habari za safari zake za mwisho.

Ndugu zangu, hatuwezi kuisoma mioyo ya watu wale. Mungu peke yake aijua. Lakini kazi yao twaiona, nayo yatufundisha maneno manne.

Neno la kwanza: uaminifu hautegemei jicho la bwana. Paulo awaonya Wakolosai wasitumike kwa kutazamwa tu, kama watu watafutao kuwapendeza wanadamu. Wako watumishi ambao mkubwa akiingia, mikono yao ina mbio. Akitoka, kazi imelala. Mlinzi wa usiku asikia mlio wa gari la tajiri, ndipo ashikapo rungu lake. Mwuguzi aacha wagonjwa barazani, naye yumo ndani akiichezea simu. Wachukuzi wale bwana wao alikuwa amelala katika gome la mti, macho yamefumba. Nao walitenda kazi kana kwamba yu hai. Na sisi je? Bwana wetu yu hai kweli kweli, wala hasinzii.

Neno la pili: uaminifu huonekana katika vitu vidogo. Kabla ya safari kubwa ilikuwako orodha. Bwana Yesu alifundisha, katika Luka 16:10, kwamba mtu huonyesha katika jambo dogo jinsi atakavyokuwa katika jambo kubwa. Martin Luther naye, alipoieleza amri ya saba katika Katekisimo Kubwa, hakuwaonya wavunja nyumba tu. Aliwaweka katika hesabu ya wezi watumishi na vibarua wafanyao kazi kwa uvivu na hasara ya bwana wao. Maneno haya ni makali. Akawiaye saa moja kila siku na kupokea mshahara mzima, ameiba saa ile. Apimaye tumbaku ya mkulima na kuuegemeza mkono wake penye mizani, ameiba jasho la mwaka. Atiaye maji ya sukari katika asali ya tajiri wake, amewaibia watu watatu: mwenye mali, mnunuzi, na mrina asali mwenzake ambaye asali yake safi haitasadikiwa tena. Kijana wa pikipiki afichaye sehemu ya hesabu ya siku asiseme, Ni kidogo. Ufa wa mtungi nao ni mdogo.

Neno la tatu: aliyeanguka aweza kusimama tena. Msidhani kwamba Susi na Chuma walikuwa malaika. Mwaka 1868 Livingstone alipotaka kwenda ziwa la Bangweulu, wengi walikataa kumfuata, na hao wawili walikuwa miongoni mwao. Alipata watu wachache tu. Baadaye akawapokea tena, nao wakarudi kazini. Angaliwafukuza kabisa siku ile, nani angaliuchukua mwili wake mwaka 1873? Lakini wako na wale wa Anzwani, na Musa mkubwa wao, waliomtoroka mwaka 1866, wakafika pwani wakasema ameuawa. Mwaka uliofuata watu waliotumwa kupeleleza wakaona ya kuwa ni uongo. Wote walikosa, hawa na wale. Tofauti ni kwamba hawa walirudi, na wale walifunika kosa lao kwa uongo. Basi wewe uliyevunja uaminifu kazini, usilifunike. Rudi, ungama, rudisha ulichochukua. Mlango wa toba haujafungwa.

Neno la nne: uaminifu haununuliwi kwa sifa. Wachukuzi wale walipofika pwani hawakupigiwa ngoma. Walilipwa ujira wao, wakaachwa waende zao. Jacob alikwenda Uingereza pamoja na mwili, akawa mmoja wa waliolichukua jeneza katika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma, walioibeba taabu ya miaka mingi, walipelekwa baadaye, wakafika maziko yamekwisha. Nishani zilifanywa kwa ajili ya wachukuzi, lakini wakati ule wengi walikuwa wametawanyika. Dunia ndivyo ilivyo. Atumikaye kwa ajili ya shukrani za watu, siku asiposhukuriwa atautupa mzigo. Kwa hiyo Paulo aliwaelekeza watumishi kwa Bwana mwingine, ambaye kwake watapokea urithi.

Tena litiwe moyoni neno hili: wakati ule Susi hakuwa Mkristo. Alibatizwa mwaka 1886 huko Unguja, akaitwa Daudi. Ikiwa mtu asiyebatizwa aliweza kuchukua mzigo hivyo, itakuwaje kwa sisi tuliobatizwa? Ikiwa mwenye duka ahitaji mtu wa kukaa na fedha zake, akasema, Nitafutieni mwaminifu, lakini asiwe mtu wa kanisa. Je, si jina la Kristo linalotukanwa? Mwinjilisti ahubiri Jumapili mara moja. Karani Mkristo ahubiri siku sita mezani pake, naye husomwa hata na wasioingia kanisani.

Lakini mtu atauliza: Je, mtumishi mwaminifu hutii kila neno? La. Yusufu alikuwa mwaminifu kwa Potifa, na kwa sababu hiyo hiyo alimkataa mke wa Potifa. Mkubwa wako akikuamuru kuandika hesabu ya uongo, kumkataa ni uaminifu kwake, maana wamzuia asiangamie. Mitume nao walifundisha, katika Matendo 5:29, kwamba amri ya Mungu yatangulia amri ya watu. Ukiteswa kwa ajili ya hayo, kumbuka Yusufu gerezani. Kumbuka pia kwamba Musa na Waisraeli waliichukua mifupa ya Yusufu jangwani miaka arobaini, hata ikazikwa Shekemu. Mwaminifu Mungu hamsahau.

Nanyi wenye kuajiri, msifurahi mapema mkidhani nimewasemea ninyi. Paulo hakumaliza fungu lake kabla ya kuwageukia mabwana na kuwadai haki na usawa, akiwakumbusha kwamba wao nao wana Bwana mbinguni. Yakobo 5:4 yasema kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele hiyo yafika masikioni mwa Mungu. Umwekaye kibarua miezi mitatu pasipo mshahara, kisha ukamwita mwizi kwa kibaba cha mchele, jihukumu mwenyewe kwanza. Uaminifu ni kamba yenye ncha mbili. Ukilegeza ncha yako, usishangae mzigo ukianguka.

Ndugu zangu, nisiwaache chini ya sheria tu. Ni nani kati yetu aliyekuwa mwaminifu katika yote? Hapana hata mmoja. Lakini yuko Mtumishi mmoja aliyeuchukua mzigo usio wake, mzigo wa dhambi zetu, wala hakuutua njiani. Walimshauri ashuke msalabani, hakushuka. Kwa uaminifu wake sisi tumehesabiwa haki, si kwa kazi zetu. Basi hatufanyi kazi vema ili tupate kuokolewa. Twafanya vema kwa kuwa tumekwisha kuchukuliwa na Yeye. Kesho asubuhi, mkifungua mlango wa ofisi, wa duka, wa ghala au wa darasa, ingieni kama watu waliochukuliwa hivyo.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, Mtumishi mwaminifu, utusamehe saa tulizoiba na mizigo tuliyoitupa. Uwape watumishi moyo mmoja gizani na nuruni, uwape mabwana mkono wa haki. Utushike hata mwisho wa safari, ili siku ya kutoa hesabu tusiaibike mbele zako. Amina.