Nani Aliyeweka Alama?

Wengi husema hesabu haina ndugu. Ndiyo sababu tuliitumia hapa Saio, tulipopaswa kugawa unga kwa jamaa waliokimbia vita kutoka Djugu. Unga ulikuwa kidogo, nasi tuliogopa kusemwa kwamba kila mmoja apendelea watu wa kwao. Basi tukapanga karatasi: mwenye watoto aongezewe alama, mjane aongezewe, alalaye chini ya mabati apunguziwe. Tukajumlisha, tukagawa, tukaenda kulala na dhamiri safi.

Kesho yake akaja mama mjane aliyekosa. Alikuwa akilala na watoto wake katika ghala la mtu, kwa huruma tu, na kila alfajiri walitoka ili magunia yaingie. Ghala lile lina mabati. Tukamwonyesha karatasi. Akauliza: “Nani aliyesema mabati ni utajiri?”

Tukatazamana. Ni sisi. Wengi wetu tulikulia chini ya nyasi, na tangu utoto twaona mabati kuwa mali. Wazo hilo lilikuwa ndani yetu kabla ya hesabu; lilipovaa tarakimu, hakuna aliyelitilia shaka.

Msomaji asidhani haya ni ya watu wa Saio tu. Figo huondoa katika damu taka iitwayo kreatinini. Waganga huipima, kisha kwa kanuni ya hesabu hukadiria nguvu ya figo. Kanuni iliyotolewa Marekani mwaka 1999 iliamuru kwamba mgonjwa akiwa mweusi, jibu liongezwe karibu moja ya tano; ile ya 2009, karibu 16 kwa mia. Kwa nini? Weusi waliopimwa huko walionekana kuwa na kreatinini nyingi zaidi, ikasemwa ni kwa sababu wana misuli mingi. (Mkulima wetu alaye mara moja kwa siku angecheka.) Basi tuone matokeo. Huko Marekani mgonjwa huweza kuanza kuhesabiwa siku za kungoja figo mpya nguvu inaposhuka hadi 20. Mwenye 18, akiwa mweusi, aliandikwa karibu 21. Akabaki nje ya mlango, naye ni mgonjwa sawa na mwenzake aliyeingia.

Waganga wa Kinshasa na Abidjan walipima nguvu ya figo yenyewe, na mwaka 2019 wakaonyesha kwamba kwa Waafrika nyongeza ile yapotosha. Mwaka 2021 ikatolewa kanuni isiyouliza rangi, na tangu 2023 hospitali za Marekani zinazopandikiza figo ziliagizwa kuwarudishia wagonjwa weusi siku walizopotezewa.

Je, mganga aliyeitumia kanuni ile alitenda dhambi? Hakumchukia mtu. Katekisimu yatukataza kumhukumu jirani pasipo sababu ya kutosha. Lakini hapa hukumu ilikwisha kutolewa zamani, na kila aliyefuata alisema tu: ndivyo karatasi isemavyo. Ndiyo hatari yake: kosa lipo, mkosaji haonekani. Sisi twaona kwamba daraka halikupotea; limemwangukia yule anayeishika karatasi huku amemtazama mtu usoni. Yeye ndiye wa mwisho awezaye kuuliza.

Wengine walituambia: chomeni karatasi, gaweni kwa moyo. Hapana. Moyo nao wajua jamaa zake, na hauna mstari ambao mjane aweza kuuonyesha kwa kidole na kusema: hapa mmekosa.

Tuliufuta mstari wa mabati, tukaandika: nani aweza kumfukuza kesho? Na mama yule sasa huketi pamoja nasi tunapopanga alama. Juma lililopita alitaka kujua kwa nini mzee asiye na watoto apata sifuri. Bado hatujampa jibu.