Saksafoni ya John Coltrane na swali la sala

John Coltrane, mpiga saksafoni wa jazi wa Marekani, alizaliwa tarehe 23 Septemba 1926 huko Hamlet, North Carolina. Babu zake wote wawili walikuwa wachungaji wa Kimethodisti, hivyo mahubiri na nyimbo za kanisani alivizoea tangu utotoni. Imani yake ya utu uzimani, hata hivyo, ilizaliwa katika shida. Mwaka 1957 mpiga tarumbeta Miles Davis alimwondoa katika bendi yake kwa sababu ya heroini. Mwaka huohuo Coltrane aliacha heroini na pombe, na baadaye akaandika kwamba Mungu ndiye aliyemwamsha kwa neema yake, naye akaomba ajaliwe kuwafurahisha watu kwa muziki.

Ombi hilo linazua swali zito: je, sauti isiyo na maneno yaweza kuwa sala?

Jibu la Coltrane lililo kamili zaidi ni santuri ya A Love Supreme, iliyorekodiwa New Jersey tarehe 9 Desemba 1964 pamoja na McCoy Tyner kwenye piano, Jimmy Garrison kwenye besi na Elvin Jones kwenye ngoma. Ina sehemu 4. Katika ya kwanza, noti 4 za besi zinarudiwa na saksafoni kwa kupanda na kushuka, mpaka zinageuka kuwa kama dhikri. Sehemu ya mwisho ni zaburi. Coltrane alitunga shairi la kumsifu Mungu, likachapishwa kwenye jalada, kisha akalipiga kwa saksafoni silabi kwa silabi bila kulitamka. Mwenye shairi mkononi anaweza kulifuata. Asiye nalo anasikia sauti tupu.

Mtu atapinga: kama msikilizaji haelewi maneno, sala iko wapi? Pingamizi hili linasahau kwamba anayeelekezewa sala si msikilizaji. Aliye kando anaweza kuguswa nayo au asiguswe, na bado ikabaki sala.

Ugumu halisi ulikuja baadaye. Katika santuri za Ascension na Meditations, zote zilizorekodiwa 1965, hata shairi la kufuatwa halipo. Saksafoni zinalia kwa pamoja, na wapenzi wengi wa muziki wake walimwacha hapo. Tyner na Jones nao waliondoka. Ikiwa kila mlio ni sala, basi neno sala halina maana tena. Kinachomtetea Coltrane ni nidhamu: alijulikana kwa kufanya mazoezi saa nyingi kila siku, na kilio chake kilitoka kwa mtu aliyekwisha kuzimudu kanuni za muziki. Alichokitoa mbele za Mungu kilikuwa kazi, na kazi hiyo inastahili kuitwa ibada.

Alifariki kwa saratani ya ini tarehe 17 Julai 1967, akiwa na miaka 40. Huko San Francisco lipo kanisa, lililopokewa mwaka 1982 katika Kanisa la Kiorthodoksi la Kiafrika, linalomheshimu kama mtakatifu na kupiga A Love Supreme katika ibada zake.