Isale la Toba na Isale la Mpaka

Ukipanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho, Old Moshi au Marangu, utakuta kihamba, yaani shamba la ukoo, kimetengwa na kihamba cha jirani kwa safu ya masale. Ni mmea wa majani marefu, hauliwi wala hauuzwi sokoni, ila ukichomeka tawi lake ardhini linashika. Ndiyo alama ya mpaka. Na jani la mmea huohuo ndilo analobeba mkosaji anapokwenda kuomba radhi: hulifunga fundo, akaongozana na mtu mzima anayeheshimika, akalikabidhi kwa aliyemkosea. Kwa mila ya Wachaga, ukiletewa isale humfukuzi aliyelileta. Kulikataa ni kujitafutia laana.

Mmea mmoja, kazi mbili. Tuone zinavyoachana.

Kuna kisa ambacho mlimani Kilimanjaro hakimshangazi mtu. Ndugu wawili waligawiwa ardhi na baba yao. Mkubwa anaishi Dar es Salaam, huonekana Desemba tu. Mdogo ni kitinda mimba, amerithi nyumba ya baba kama mila inavyotaka. Kila masika anang'oa masale mawili matatu na kuyachomeka mbele kidogo, mpaka migomba na mibuni ya kaka yake ikawa upande wake. Krismasi kikao cha ukoo kinaketi. Mbuzi amechinjwa, mbege, pombe ya ndizi, ipo, isale limeletwa. Mdogo anapiga goti: "Kaka, nisamehe, shetani alinipitia." Kaka anapokea, watu wanapiga makofi, wanakula. Kesho yake ukipita kihambani, masale yamesimama palepale alipoyasogeza.

Je, huyu ametubu? Machozi yalikuwa ya kweli, pengine. Aibu pia. Lakini majuto na toba ni vitu viwili. Majuto humkuta mtu hata bila hiari, toba ni kazi anayoiamua na kuifanya. Wahenga walisema muungwana ni kitendo.

Tena sikiliza alivyoungama. "Shetani alinipitia" ni maneno ya kumsingizia mwingine kosa. Shetani hakushika jembe. Mlinganishe na Zakayo wa Yeriko katika Injili ya Luka. Torati, katika Hesabu sura ya 5, ilimtaka anayeungama kosa arudishe mali yote na kuongeza sehemu ya tano. Mwizi aliyeiba kondoo akamchinja au kumuuza ndiye aliyelipa mara nne, kwa mujibu wa Kutoka sura ya 22. Zakayo alikuwa mkuu wa watoza ushuru, angeweza kujitetea kuwa alikuwa kazini. Badala yake aliahidi kurudisha mara nne, na nusu ya mali yake akawapa maskini. Alijihukumu kwa sheria ya mwizi kabla hajahukumiwa na mtu.

Hapa wapo watakaopinga, hasa Walutheri wa mlimani, kwamba wokovu ni neema, haununuliwi kwa matendo. Ni kweli kabisa. Lakini tazama mpangilio wa habari: Yesu aliingia nyumbani kwa Zakayo kabla hata senti moja haijarudishwa. Mali ilirudi kwa sababu msamaha ulikwisha bisha hodi. Kurudisha si bei ya msamaha, ni dalili kwamba umepokelewa. Martin Luther mwenyewe alipotoa hoja zake 95 mwaka 1517, ya kwanza ilidai kwamba maisha yote ya mwamini yawe toba. Toba ya namna hiyo haimalizwi kwa kikao kimoja cha mbege.

Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, na Wakatoliki waliowatangulia Kilema, walikuta watu wanaojua kwamba kosa huondolewa kwa kwenda, kwa kushuhudiwa na kwa kufidia. Injili iliongeza kwamba aliyekosewa ni Mungu pia. Haikufuta deni la jirani. Anayeungama Jumapili madhabahuni na kumkwepa jirani Jumatatu amechukua nusu ya Injili na kuacha mila nzima.

Lakini yapo pia makosa yasiyorudishika. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi (chifu) Meli huko Old Moshi, na wajukuu zake kwa miaka mingi wamedai kurudishiwa kichwa cha babu yao. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha Songea kwa unyama wa wakati wa Vita vya Majimaji, akaahidi kusaidia kutafuta fuvu la chifu Songea Mbano. Uhai haurudi. Lakini mafuvu yanatafutika, ukweli unasemeka, na aliyeomba msamaha ndiye mwenye wajibu wa kuhangaika, si wajukuu kubisha hodi kila ofisi.

Tuna methali tunayoitumia vibaya: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni maneno matamu yakitoka kwa aliyekosewa, maana ndiye mwenye jeraha na ndiye anayeweza kulisamehe. Yakitoka kwa mkosaji ambaye bado anakula ndizi za mwenzake, ni wizi wa mara ya pili.

Basi wazee wa ukoo na wazee wa kanisa wasiwe na haraka ya kupiga makofi. Isale lipokelewe, maana mila na Injili vyote vimekataza kumfukuza anayerudi. Kisha kabla mbuzi hajaliwa, mkubwa, mdogo na shahidi wateremke kihambani na jembe, masale yang'olewe na kuchomekwa alipoyaweka baba. Wakirudi, wale pamoja.